Jibu kwa Shaame, Zamu ya Usiku

Umeniuliza, sauti ikikatikakatika,
kocha wako ana maana gani
anaposema anataka uwe fowadi wa kifua.
Mimi, shangazi yako, nisiyewahi kuvaa viatu vya visu,
nikajibu "subiri", nikakata simu,
kwa sababu tangi namba tatu lilikuwa linavuja.

Sasa saa nane. Wete imelala.
Mashine inakoroma kama baba yako,
na video yako nimeitazama mara kumi na saba
nikiwa nimekalia gunia la chumvi,
kidole kimekufa ganzi.

Mwili, sikatai.
Umerithi mgongo wa babu yako Bakar,
aliyebeba karafuu gunia mbili mbili pale bandarini,
ngazi ikilia chini yake.
Lakini wenye migongo walikuwa tele, wakavunja ngazi.
Bakar alijua pa kukanyaga.

Hapa kiwandani pande moja ni kilo hamsini.
Vijana wapya hulisukuma kwa kifua,
likawaponyoka, wakaanguka nalo,
wakacheka, kisha wakashika mbavu.
Mimi hulipa nyonga. Hulionesha njia kwa bega,
nikaliacha liamini kuwa linakwenda lenyewe.
Nimekuona ukifanya vivyo hivyo pale ukingoni:
mabeki wawili mgongoni, kile kisahani cheusi miguuni,
nawe umekaa kitako hewani
kama mama anayekinga moto wa kuni na upepo.
Hakuna aliyekiona mpaka ulipotaka kionekane.
Nguvu ya mamba ni maji, wamesema;
yako ni maji yaliyoganda.

Halafu ukaenda kusimama mbele ya golikipa.
Hapo nilifunika simu kwa kanga, nikafunua.
Yule mrefu wa jezi ya kijani
akakupiga gongo la kiuno, akakupiga la kifundo,
akakunong'oneza neno
(sikulisikia, ila mdomo wake niliusoma),
nawe hukugeuka.
Unamkumbuka yule fahali wa Pujini, Sina Haraka?
Wenziwe walirusha vumbi, wakavuta kamba mpaka povu.
Yeye alisimama.
Watu wakampepea shuka usoni, zumari likamtukana,
akangoja, akangoja,
mpaka mmoja wao akasahau kwamba yule ni fahali.
Ungegeuka kupiga, Shaame,
ungekwenda kukaa kwenye kile kibanda cha adhabu,
na wenzako wanne wangekimbia kulipa deni la hasira yako.

Ila si hilo lililonirudisha mara kumi na saba.
Ni lile pigo lililotoka mbali.
Nilidhani gongo lako limeligusa. Halikuligusa.
Uliliinua, ukaliacha lipite.
Golikipa anakutazama wewe, mabeki wanakutazama wewe,
na yule mdogo, namba kumi na moja,
mwenye mabega ya mtoto wa chuoni,
akatokea upande wa pili, akafunga bila mtu.
Jina lililotangazwa ni lake.
Wakamrukia, wakamfunika.
Wewe hukuwemo hata kwenye picha:
ulikuwa umeinama pembeni, unatafuta glovu yako.

Kocha akikuuliza tena, muoneshe hiyo glovu.

Kuna moja silijui, wala sitakudanganya.
Magoti.
Babu yako aliacha bandari na miaka thelathini na nne,
na mpaka leo anasali kwenye kiti,
mgongo bado mpana, umejaa mlango,
chini yake hakuna kitu.
Nilimuuliza jana kama angepunguza gunia moja.
Akanitazama kama nimemuuliza kwa lugha ya huko kwenu,
akaomba chai.
Kwa hiyo hilo ulifikirie mwenyewe, ungali unaruka.

Lori la Makame linapiga honi.
Mapande sitini kabla ya adhana,
na yule kijana mpya keshatanguliza kifua.
Kula. Vaa soksi mbili.
Nakwenda kutia nyonga.